Drams za kompyuta kwanza? Mkuu, hiyo advansi ya Ijumaa usilipe

Mkuu, shika hela yako kwanza. Nimesoma ulichoandika nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Unasema una nyimbo kumi, gitaa ndiyo roho ya albamu, roki na bluzi na kantri humo humo. Prodyuza amekuambia atapanga drams zote kwenye kompyuta, wewe upige gitaa juu yake, besi ifuate, halafu mpiga drams wa kweli aletwe mwishoni, na Ijumaa hii umlipe advansi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2018, nimekaa kwenye kochi la studio moja hapa Dar. Nikaamini. Albamu ile ile nikailipia mara mbili.

Tulianza na bluzi ya taratibu, ule mwendo wa kubembea. Prodyuza akapanga kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na sinea, ile ndogo yenye mlio mkali, kila pigo likakaa kwenye mstari wake pale kwenye skrini kama wanafunzi wa mstarini asubuhi. Kihesabu hakukosea: kila pigo unaligawa mara tatu, unagonga la kwanza na la tatu. Nikavaa hedifoni. Nikipiga najisikia niko nyuma, nikirudia najisikia niko mbele. Baada ya marudio ishirini na kitu nikalingana na mashine barabara, prodyuza akapiga makofi, na wimbo ulikuwa umeshakufa. Nikamwambia mbona umepoa. Akanijibu, "Utakaa sawa kwenye miksi."

Sentensi hiyo ukiisikia, chukua gitaa lako uondoke. Miksi inapandisha sauti, inashusha, inapunguza besi iliyozidi, inaongeza mwangwi. Jinsi mkono wako ulivyosubiri kidogo kabla ya kushuka kwenye nyuzi, hiyo miksi haina cha kuifanya.

Na kwa muziki unaotaka wewe tatizo ni mara tatu. Roki ya kawaida imenyooka, kila pigo linagawanyika mara mbili. Bluzi inabembea. Kantri ya mwendo wa treni inakimbia kwa brashi juu ya sinea. Halafu kuna roki ya mwanzo mwanzo, ya akina Chuck Berry, ambayo mara nyingi gitaa limenyooka huku drams zinabembea, na ule mvutano wa wawili hao ndio unaokutikisa kichwa. Sasa mtu ataandikaje mvutano kwa mausi? Mashine haijawahi kuachwa na mchumba, wewe unaituma ikapige bluzi!

Tukafika nyimbo zote kumi hivyo. Miezi minne. Milioni tatu na laki mbili, jasho langu la kupiga kwenye harusi na hoteli. Ndipo akaletwa mpiga drams, mzee mmoja aliyekulia kwenye bendi za dansi. Akavaa hedifoni, akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho bila kugusa kitu. Akaupiga mara mbili. Kila alipobembea vizuri, sinea yake na gitaa langu vikagongana, ta-tak, ta-tak, kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Akaweka vijiti juu ya sinea. "Mwanangu, hapa umeshafunga mlango, mimi nitaingilia wapi?"

Kisha akaniambia nilete gitaa kavu, lisilochomekwa popote. Akageuza kasha la gitaa likawa ngoma, akaanza kupiga kwa viganja. Nikaingia. Baada ya mizunguko miwili mikono ilinisisimka. Wimbo ule ule, gitaa lile lile, sasa unatembea. Nililia mkuu, na sioni aibu kukuambia. Siku hiyo nikajua zile treki zote ni za kutupa.

Yule prodyuza hakuwa mjinga, na hapo ndipo ninapochomwa mpaka leo. Kwa Bongo Fleva biti kutangulia ni sawa kabisa, na kazi zake zilikuwa nzuri. Angeniambia tu "muziki huu sijawahi kuurekodi," ningemlipa hata nauli ya ukweli wake. Badala yake akanihesabia masaa.

Angalia huu muziki ulivyozaliwa. Tarehe 5 Julai 1954, Memphis, Marekani, kwenye studio ya Sam Phillips: Elvis Presley na gitaa lake, Scotty Moore kwenye gitaa la umeme, Bill Black kwenye besi kubwa ya kusimama. Drams hakuna kabisa! Black alikuwa anachapa nyuzi za besi kwa kiganja, hiyo ndiyo ngoma yao. Sahani ya santuri iliyotoka, upande mmoja ni bluzi ya Arthur Crudup, upande wa pili ni wimbo wa Bill Monroe, baba wa bluegrass, tawi la kantri. Bluzi na kantri kwenye sahani moja, watu watatu, chumba kimoja, wakitazamana. Na usiniambie hayo ni ya Wamarekani. Sikiliza kanda za Radio Tanzania, Mlimani Park, NUTA Jazz. Bendi nzima iliingia studio ikapiga kwa pamoja, ndiyo maana mpaka leo gitaa la solo na drams utadhani vinaongea.

Kwa hiyo: wewe, besi na drams mpige kwa wakati mmoja. Lipia mazoezi ya wiki mbili kabla ya kulipia saa moja ya studio. Amplifaya yako iweke korido au chumba cha pili, uizungushie magodoro, maikrofoni moja kama SM57 karibu kabisa na spika, ili sauti isivuje kwenye maikrofoni za drams. Nyinyi wenyewe mbaki mnaonana usoni. Sauti ya kuimba, kinanda, gitaa la pili la kutelezesha kichupa, hivyo ongeza baadaye upendavyo. Hela ikiwa haitoshi nyimbo kumi, rekodi nne.

Uliuliza pia ununue gitaa gani la umeme, Telecaster au Stratocaster. Zote zinafaa, Telecaster ina ule mlio mkali wa kantri, lakini narudia, ukiipiga juu ya drams za mashine hakuna atakayejua uliinunua shilingi ngapi. Mara ya pili, tulipopiga wote pamoja, nilitumia gitaa la kuazima. Tulimaliza nyimbo kumi kwa siku tatu.

Kama huna mpiga drams anayejua kubembea, niandikie pembeni. Yule mzee bado yupo, Jumapili jioni huwa anapiga. Nenda na gitaa, ukae naye hata saa moja kabla ya hiyo Ijumaa yako.