Boksi la Pokémon limebonyea kona, nichukue au niache?

Mkuu umesema muuzaji yuko Dar, boksi la pakiti za kadi za Pokémon kona moja imebonyea, nailoni imechanika kidogo chini, na anakupunguzia bei. Mimi niko Arusha, hizi kadi nanunua na kuuza mdogo mdogo, so ngoja nikwambie ninavyoliona.

Kubonyea na kuchanika ni vitu viwili tofauti afu watu wanavichanganya. Kona ikibonyea mara nyingi ni sura tu ndo imeharibika, kadi ndani ziko poa. Ila nailoni ya kiwandani ikichanika hapo sasa ndo kuna kesi, maana boksi la kawaida la kiingereza lina pakiti 36 na hiyo nailoni ndo ushahidi pekee kwamba hakuna mkono umepita. Zile pakiti za zamani za 1999 huko watu walikuwa wanazipima uzito, yenye kadi ya kung'aa inazidi kidogo, yani ukiwa na kamzani kadogo kama ka madalali wa tanzanite hapa mjini unachomoa nzito zote unabaki nazo, nyepesi unamuuzia mwenzako, na pakiti haijafunguliwa hata kidogo. Ndo maana pakiti ya zamani iliyotolewa kwenye boksi mi siilipii bei ya ndoto.

Kuna wengine wanafungua kabisa wanarudishia gundi. Angalia yale meno meno ya juu na chini ya pakiti, ya kiwandani yamebanwa sawasawa, yaliyorudishiwa utaona yamelala au kuna alama ya gundi inang'aa. Nailoni ya boksi nayo ikiwa imelegea legea, linganisha na picha za boksi la seti hiyohiyo, nembo na mshono vikae sehemu ileile.

Afu hujasema unafungua au unaweka. Kama unafungua na dogo wako nyumbani, kona iliyobonyea ni faida yako, piga bei chini bila huruma. Kama unaweka uje uuze baadae, jua mnunuzi atakachouliza kwanza ni hiyohiyo kona. Na kama unawinda kadi za kupeleka PSA, kampuni ya Marekani inayopima ubora wa kadi, wakakupe gredi (1 mpaka 10, 10 ndo ya juu), wao boksi hawalijui, wanaangalia kona za kadi, kingo, uso, na picha kama imekaa katikati, ila pakiti iliyokunjwa inakupa kadi yenye mkunjo na hapo 10 sahau.

Usafiri nao! Mwambie aweke ndani ya boksi kubwa zaidi, magazeti pande zote. Langu liliwahi kusafiri kwenye buti la basi chini ya kiroba cha mtu, limefika limelala kama chapati, konda ananiambia "si limefika bro". Masika usiache mzigo ukae stoo za vifurushi, karatasi inanyonya unyevu, ile foili hainyonyi, kadi za kung'aa zinajipinda.

Kwa hilo lako, mwombe video azungushe pande zote sita, asogeze kamera kabisa pale palipochanika. Kama vidole vinapita, lipa bei ya pakiti za rejareja zisizo na uhakika, sio bei ya boksi lenye dosari. Akileta maneno mengi achana nae. Ukiipata hiyo video itupie hapa tuicheki.