Mume anataka wastani wa 263, mimi nataka shule yenye watoto wa kila aina

*Naishi Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili. Binti yetu mkubwa anamaliza awali mwaka huu, mwakani anaingia darasa la kwanza. Mume wangu ameng'ang'ania shule moja ya binafsi huko Mbezi Beach, ya mchepuo wa Kiingereza, ambayo wastani wake wa darasa la saba ni 263. Ada ni milioni mbili na laki sita kwa mwaka bila basi, na basi linapita kwetu saa kumi na moja alfajiri. Mimi nimeipenda shule ya kanisa iliyo jirani, nayo ni ya Kiingereza. Wastani ni 214, ada milioni moja na laki nne. Pale kuna watoto wa wafanyabiashara, wa madereva, wa mafundi, Wahindi wachache, na nimeona mtoto mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mume anasema wastani huo ni mdogo, tena sisi ni Waislamu. Shule ya serikali ya mtaani ina watoto 110 katika chumba kimoja cha darasa la kwanza. Wifi yangu anasema tujaribu zile za serikali za Kiingereza kule Upanga. Nataka mwanangu afaulu, ila sitaki akue akidhani kila mtu ana gari. Tumefika mahali tunanuniana. — Mama Kifungua Mimba, Tabata*

Mdogo wangu, poleni kwa kununiana. Nimesoma barua yako mara mbili na naona mnagombania namba ambayo hakuna kati yenu aliyeifungua kuona ndani kuna nini. Tuanze na hiyo 263.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Kwa hiyo shule ya shemeji ni ya A na yako ni ya B. Shule ya wastani wa B, yenye watoto mchanganyiko kama ulivyoieleza, inafundisha. Asiambiwe mtu kwamba ni shule ya waliofeli.

Sasa, wastani ni wa watoto waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Wale walioondolewa njiani hawamo. Ingieni nyote wawili kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, mfungue matokeo ya darasa la saba, mchague mkoa, halmashauri (Tabata mtaikuta Jiji la Dar es Salaam, Mbezi Beach iko Kinondoni), kisha shule. Andikeni idadi ya waliofanya mtihani. Halafu rudini miaka mitatu nyuma, mfungue upimaji wa darasa la nne wa shule hiyohiyo. Wale ni watoto walewale. Tuseme darasa la nne walikuwa 61 na darasa la saba wamefanya 38. Watoto 23 wameenda wapi? Mjini watu huhama nyumba, wengine ada huwashinda, kwa hiyo kupungua watatu au watano si ajabu. Wakipungua theluthi nzima, mara nyingi kuna mchujo: mzazi anaitwa darasa la tano au la sita, anaambiwa kwa upole kwamba mwanae "atafutiwe shule inayomfaa", au akariri darasa. Mtoto anahamia kwingine, na wastani wa shule unapanda bila mwalimu yeyote kufundisha vizuri zaidi. Kuna na kinyume chake: walikuwa 40, wakawa 65, kwa sababu shule ilifanya usaili darasa la tano na kuchukua watoto waliokwisha kufundishwa na wengine.

Fanyeni hivyo kwa miaka mitatu ya matokeo. Mwaka mmoja unadanganya, hasa shule ikiwa ndogo. Penye watahiniwa 20, watoto wawili tu wakipata 100 badala ya 250, wastani unashuka alama 15. Mkishamaliza idadi, shukeni kwenye orodha ya watahiniwa, ambako jinsia na madaraja ya kila somo yameandikwa. Mna binti, kwa hiyo tazameni wasichana wamepata nini Hisabati. Shule ambayo wavulana wana A na wasichana wanajazana kwenye C ina jambo linalotokea darasani, na mna haki ya kumuuliza mwalimu wa taaluma. (Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, hivyo huko mbele pengo la kulinganisha litakuwa miaka miwili. Binti yenu ni wa kundi hilo.)

Na mabango ya "kumi bora kitaifa" yasiwababaishe. NECTA iliacha kutangaza shule bora mwaka 2023. Ukiliona bango, uliza ni la mwaka gani na nani aliyepanga hizo nafasi.

Baada ya hapo, nendeni shuleni. Msiende siku ya mahafali wala siku ya wazazi, kwa sababu siku hiyo hata ukuta una rangi mpya. Nendeni Jumanne au Jumatano, saa moja na robo asubuhi muwe getini, mwombe kuona madaftari ya Hisabati ya darasa la tatu. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Chukua daftari la mtoto wa uwezo wa kati, asiwe yule anayetolewa kwa wageni. Mfano umekuta 304 – 127 na mtoto ameandika 223. Hajakosea kwa bahati mbaya: kila safu amechukua tarakimu kubwa akatoa ndogo, 7 toa 4, 2 toa 0, 3 toa 1, maana hajui kukopa kwenye sifuri. Mwalimu ameweka kosa kwa wino mwekundu, na chini yake mtoto ameandika 177, jibu alilonakili ubaoni. Sasa fungua kurasa mbili mbele. Kama kosa lilelile limerudi kwenye 502 – 238, hakuna aliyekaa na huyo mtoto. Kama kuna hesabu tatu nne za kukopa alizopewa peke yake, na za mwisho zimepata vema, hapo mmepata mwalimu. Tazameni na tarehe: ni mazoezi mangapi kwa wiki, na yamesahihishwa yote au mwalimu amepitisha vema refu ukurasa mzima bila kusoma. Shule ikikataa katakata kuonyesha daftari hata moja, nami ningekataa kutoa ada.

Kisha mwombe mtoto wa darasa la pili awasomee aya fupi, halafu muulize swali ambalo jibu lake halijaandikwa vilevile kwenye aya. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza zina watoto wanaoghani ukurasa mzima kwa sauti nzuri na hawajui walichosoma. Shemeji akiogopa Kiingereza cha sekondari, hicho ndicho kipimo chake, wala si lafudhi ya mapokezi.

Tuje kwenye lile linalokusumbua. Kuona watoto wa kila aina getini ni mwanzo tu. Wanaweza kuingia geti moja na wasikutane tena mpaka jioni. Uliza mikondo inapangwaje. Kama mkondo A ni wa alama za juu na mkondo C ni wa chini tangu darasa la pili, ndani ya shule moja kuna shule mbili, na aghalabu watoto wa madereva ndio watakaojaa C. Uliza ada ikichelewa inakuwaje. Kuna shule zinampigia mzazi simu, na kuna shule zinazosoma majina mstarini mbele ya wenzao na kuwarudisha watoto nyumbani. Mtoto wako hata kama ada yake imelipwa yote, anasimama pale anajifunza namna ya kumtazama mwenzake asiye nacho. Uliza ziara ya kimasomo: asiye na hela anabaki darasani peke yake? Uliza anayezungumza Kiswahili uwanjani anafanywa nini. Kuvishwa kibao shingoni si njia ya kufundisha Kiingereza. Inamfundisha tu kuona aibu kwa lugha ya mama yake.

Kuhusu yule mtoto wa kiti cha magurudumu, fuata anakokwenda. Je, anafikaje chooni? Darasa lake liko chini au anabebwa ngazi? Dar kuna shule ya serikali kama Uhuru Mchanganyiko ambayo kwa miaka mingi imewasomesha pamoja watoto wasioona na wanaoona, kwa hiyo jambo hili linawezekana bila utajiri. Na ukifika vyooni, hesabu matundu: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Fungua na bomba uone kama maji yanatoka.

Viboko navyo msiwe na haya kuviuliza. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Ombeni kukiona hicho kitabu. Mwalimu mkuu atakayewaambia "hatuna haja ya kuandika" amejibu swali.

Hofu ya shemeji kuhusu dini iheshimiwe, wala usiipuuze kwa sababu umeipenda shule. Ila ijibiwe na shule, isijibiwe na majirani. Mwende pamoja kwa mwalimu mkuu na maswali manne: ibada ya asubuhi ni lazima kwa asiye Mkristo? Kipindi cha dini, watoto wa Kiislamu wanakuwa wapi na nani anawafundisha? Hijabu inaruhusiwa na sare? Ijumaa na Ramadhani zinapangwaje? Majibu yaandikwe, au mwonyeshwe kwenye kanuni za shule. Halafu ongeeni na wazazi wawili Waislamu ambao watoto wao wameshafika darasa la tano hapo. Kama ibada ni lazima kwa wote, basi shemeji ana hoja, na mtafute shule nyingine. Kama si lazima, madrasa ya jioni mtaani kwenu mtoto ataiwahi, jambo ambalo akirudi kutoka Mbezi Beach saa kumi na mbili halitawezekana.

Basi ndilo linalonifanya niiogope ile shule ya Mbezi Beach kuliko hata ada. Mtoto wa miaka sita anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili. Basi likipita saa kumi na moja, ataamshwa kumi na nusu. Ili apate hata hizo tisa alale saa moja na nusu usiku, wakati huo pengine hata kazi ya nyumbani haijaguswa. Matokeo yake ni mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza, ambacho katika shule nyingi ni Hisabati au kusoma. Ushauri wa Upanga unagonga hapohapo: Olympio na Diamond ni shule za serikali zenye jina na mchanganyiko wa kweli, lakini wanaoomba ni wengi na nyinyi mko Tabata. Jaribuni tu kama baba anashuka mjini kila siku na atampeleka mwenyewe. Na shemeji akitaja bweni ili kukwepa foleni, mwambie wizara ilizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne mwaka 2023.

Shule ya mtaani siidharau, ila 110 katika chumba ambacho kiwango chake ni 45 ni mzigo mzito hasa darasa la kwanza na la pili, pale mtoto anapojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu na mwalimu inabidi amsikie mmoja mmoja. Akishasoma vizuri, darasa la tatu mnaweza kuifikiria tena, hasa kama madarasa yataongezwa.

Fedha nayo msihesabu ada peke yake. Ombeni karatasi ya malipo yote: basi, chakula, sare na sweta, vitabu, tuisheni ya Jumamosi, mitihani ya majaribio, ziara, mahafali. Mzidishe kwa miaka sita, mzidishe tena kwa mbili, maana mdogo wake naye anakuja. Mtoto kuondolewa darasa la nne kwa ada kushindikana kunaumiza kuliko kuanza shule ya bei ya chini.

Kwa jinsi ulivyoandika, ningeanza na shule ya jirani, kwa sharti kwamba idadi ya darasa la nne na la saba inalingana, madaftari yamesahihishwa na majibu ya dini yamewaridhisha nyote wawili. Kama moja ya hayo litakwama, mtafute nyingine ya umbali usiozidi nusu saa. Usaili wa shule za binafsi huanza mapema kuliko uandikishaji wa serikali wa Oktoba, kwa hiyo wiki hii muwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, picha ndogo, na namba yake ya PReM (mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi) kutoka awali kama ameshasajiliwa. Lipeni fomu na awamu ya kwanza tu, kwa benki, na risiti mzitunze. Ikitokea mkahama baadaye, hakikisheni mwalimu mkuu amemhamisha mtoto kwenye mfumo wa PReM kabla hamjaondoka ofisini, maana barua ya uhamisho peke yake haitamfikisha kwenye orodha ya watahiniwa wa darasa la nne.