Chapati ya Kihindi ya kila siku haina mafuta mengi

Wapo wanaosema mgonjwa wa sukari aache chapati za Kihindi "kwa sababu ya mafuta". Si kweli. Ile ya kila siku majumbani India, phulka au roti, haikaangwi. Ni unga wa atta na maji, basi. Atta ni ngano iliyosagwa na pumba zake, kwa hiyo nyuzinyuzi zimo. Jirani yangu Mgujarati amenionyesha mara nyingi: anaisukuma nyembamba, inaiva kwenye tawa (kikaango bapa) kavu, kisha anaiweka juu ya moto wenyewe mpaka mvuke unaivimbisha kama puto. Mwishoni anaipaka samli kidogo tu, nusu kijiko cha chai, na hata hiyo unaweza kuiacha.

Chapati zetu za tabaka ni ndugu wa paratha, chapati ya Kihindi ya kukaangwa, hizo ndizo zinazokunywa mafuta. Puri nazo, vile vichapati vidogo vya kuvimba, huzamishwa kabisa kwenye mafuta. Naan, mkate bapa wa tanuri, ya hotelini kwa kawaida ni ya maida, unga mweupe uliokobolewa.

Ila wanga uko palepale, hivyo mgonjwa wa sukari ahesabu idadi: kwa mfano mbili, na bakuli la dengu na mboga pembeni.