Uliza kwanza nani anashika funguo
Dada, umeuliza tasnifu yako uipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo au ya kampuni. Mimi ningeuliza kwanza nani anashika funguo. SSRN, hifadhi ya makala za utafiti, ilianza 1994, kampuni ya uchapishaji ya Elsevier wakainunua 2016, na watafiti waliokuwa wameijaza makala zao hawakuwa na kura. Zenodo, hifadhi nyingine, inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya; hiyo naiamini zaidi. Lakini hata ya chuo usiiamini kwa jina tu. Yangu niliiweka kwenye hifadhi ya chuo kimoja hapa Nairobi. Seva ikabadilishwa, kiungo kikafa, mwanafunzi akanipigia kutoka Rongai kwamba anaona ukurasa mweupe. Namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu kinachobaki kilekile hata kiungo kikibadilika, hatukupewa. Iliniuma sana. Muulize mkutubi wenu: nakala ya akiba inakaa wapi, na nani ana ruhusa ya kufuta?