Maswali yenu: dunia kupata joto, sayansi au siasa?

Swali: Nasikia Margaret Thatcher, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, ndo alianzisha hii stori ya dunia kupata joto ili awamalize wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Kweli?

Jibu: Siasa ilikuwepo, alikuwa anaupenda umeme wa nyuklia na hakuficha. Lakini angalieni tarehe jamani, mgomo wa wachimbaji ulianza Machi 1984 ukaisha Machi 1985 na wao ndo walishindwa, hotuba yake ya kuonya kuhusu joto kule Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, ni Septemba 1988, sasa hapo alikuwa anamuwinda nani? Halafu mama huyu alisomea kemia Oxford. Na sayansi yenyewe ilimtangulia mbali mno. Mwaka 1859 pale London mwanasayansi John Tyndall alikuwa na bomba refu, upande mmoja chanzo cha joto, upande wa pili kipimo chenye mshale, anajaza gesi anaangalia. Hewa kavu ikipita joto linapenya karibu lote, akiweka hewa ukaa, ile gesi inayotoka ukichoma makaa au mafuta, mshale unahama, joto limezuiwa. Thatcher kazaliwa 1925!

Swali: IPCC, lile jopo la dunia la mabadiliko ya tabianchi, si chombo cha serikali? Wataacha kutia chumvi?

Jibu: Cha serikali kweli, kiliundwa 1988 na WMO, shirika la hali ya hewa duniani, pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hawa wa Nairobi. Ila muhtasari wa ripoti unapitishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa nchi zote, Saudi Arabia nao wamo na wanaishi kwa mafuta. Mstari wenye chumvi hawauachii upite hata kidogo.

Swali: Mbona wazungu wanatukataza mafuta yetu?

Jibu: Hapa sasa ndo penye siasa, na inaniuma kwa kweli. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Tanga, mwaka huohuo Ujerumani wakawa wanawasha tena mitambo ya makaa ya mawe maana gesi ya Urusi imekatika. Ile ahadi ya dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini waliitoa Copenhagen 2009, ilitakiwa iwe imetimia 2020, ikatimia 2022. Kwa hiyo kasirikeni, mna haki, ila kipimo kisiingizwe kwenye ugomvi. Kule Mauna Loa, Hawaii, walianza kupima hewa ukaa 1958 ikiwa kama sehemu 315 kwa kila sehemu milioni za hewa, leo imepita 420, na sehemu kubwa ya hiyo imetoka kwenye viwanda vyao na magari yao. Ukisema joto ni uongo umewafutia deni.