Kwa nini kila warsha inaishia "elimu itolewe"?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya na nimepewa jukumu la kuwezesha warsha ya ubunifu kuhusu foleni ya wagonjwa wa nje. Warsha iliyopita tulikuwa watu 15. Tulitaja mawazo, yakaandikwa kwenye bango kitita, tukapiga kura kwa vibandiko. Yakashinda mawili: "elimu itolewe kwa wagonjwa" na "watumishi waongezwe". Hilo la pili Mganga Mfawidhi alikuwa amelisema tangu anafungua kikao. Foleni iko palepale. Safari hii nifanyeje tupate mawazo mapya, na tuchague bila kumfuata bosi?
Muuguzi, Morogoro

JIBU: Ndugu muuguzi, bango kitita ndilo lililowaponza. Mmoja anaandika, mmoja anasema, na 13 wanasubiri zamu. Anayesubiri ana kazi ya kulishika wazo lake lisimtoroke huku akimsikiliza mwenzake, basi la kuwaza jipya halina nafasi. Alex Osborn, mtu wa matangazo wa New York aliyeieneza njia hii ya kubungua bongo miaka ya 1940 na 1950, aliamini kwamba mtu huwaza mengi zaidi akiwa kikundini. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakalipima jambo hilo: watu wanne waliokaa pamoja dhidi ya wanne waliowaza kila mtu peke yake, kisha orodha zao zikaunganishwa na yaliyojirudia yakafutwa. Waliokaa peke yao walitoa karibu mara mbili. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, wakaonyesha kwamba sababu kubwa ni huko kusubiri zamu.

Kwa hiyo waandike kwanza, waongee baadaye. Njia ninayoipenda ni ya Mjerumani Bernd Rohrbach, ya mwaka 1968: watu sita, mawazo matatu kila mmoja, dakika tano, kisha kila mtu anampa wa kulia kwake karatasi, naye anasoma na kuongeza matatu yake chini. Nyie mko 15, gawaneni vikundi vitatu vya watano. Kwa hesabu ya karatasi kila kikundi kitatoa mawazo 75 ndani ya dakika 25. Mengi yatajirudia, usijali. Kuanzia mzunguko wa tatu yale ya mazoea huwa yamekwisha na watu wanalazimika kuchimba. Kama kuna mlinzi au mhudumu wa usafi asiyependa kuandika, mweke na mtu wa kumwandikia, au achore. Usimwache nje, maana yeye ndiye anayeiona foleni saa 12 asubuhi kabla ninyi hamjafika.

Ila karatasi peke yake haitakuokoa kama swali ni pana. Ukiuliza "tupunguzeje foleni?" utajibiwa "watumishi waongezwe", na ni jibu halali kwa swali hilo. Kaa asubuhi moja benchini uone watu wanakwama wapi. Tuseme umeona wanaotoka maabara na majibu wanajazana mlangoni kwa daktari pamoja na wagonjwa wapya. Swali liwe: "Tufanyeje ili aliyetoka maabara ajue zamu yake bila kusimama mlangoni?" Kisha weka sharti moja: kila wazo litaje nani anafanya nini, wapi. "Elimu itolewe" halipiti. "Muuguzi mmoja akae benchi la maabara saa 2 hadi saa 5, agawe namba za kijani kwa wenye majibu" linapita, hata kama baadaye litaonekana halifai.

Sasa kuchagua, ambako ndiko warsha nyingi zinakofia. Mwaka 2006 watafiti Rietzschel, Nijstad na Stroebe walikuta kwamba waliowaza peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, lakini walipoambiwa wachague, walichochagua hakikuwa bora kuliko cha waliowaza kikundini. Watu huelekea kwenye linalotekelezeka kirahisi, na lile geni linabaki mezani. Ndiyo maana sikushauri kura moja. Piga mbili, kila moja kwa kigezo chake: lipi tunaweza kulijaribu mwezi huu kwa tulichonacho, na lipi likifanikiwa mgonjwa ataona tofauti kubwa. Andika vigezo hivyo ukutani kabla mawazo hayajaanza kutoka, vinginevyo kila mtu atatunga kigezo kinachompendelea.

Kabla ya kura, panga kadi zinazofanana pamoja, halafu ndipo kila kundi ulipatie jina. Ukianza na majina ("Miundombinu", "Rasilimali watu") kadi ngeni zote zitatupwa kwenye "Mengineyo", na huko hakuna anayepiga kura. Kadi isiyo na mwenzake iache isimame peke yake.

Vibandiko navyo vina hila yake: vitatu vya kwanza vikishatua mahali, vingine vinavifuata. Kila kadi iwe na namba, kila mtu aandike kimyakimya namba tatu kwa kila kigezo, ukusanye, ndipo ubandike mwenyewe. Na kadi zote ziandikwe kwa herufi kubwa na kalamu za aina moja. Mwandiko wa bosi unajulikana hospitali nzima.

Kuhusu Mganga Mfawidhi, usijaribu kumtoa chumbani, wala usijifanye kura ndiyo itakayoamua wakati kila mtu anajua saini ni yake. Mfuate ofisini siku mbili kabla. Mwombe afungue kwa kutaja mipaka tu: fedha iliyopo, na taratibu zisizoguswa kama za bima. Wazo lake aliandike kwenye karatasi kama wengine. Kura zikishabandikwa, achague yeye mbele ya wote, na akiliacha lililoongoza aeleze sababu. Wengi wa mabosi wanakubali wakiombwa faraghani. Wakikatizwa mbele ya watu wanakaza.

Jambo dogo lakini linaua: usipange kuchagua baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wanaulizana posho inasainiwa wapi. Wazeni baada ya chai ya saa 4, mchague kesho yake asubuhi ikiwezekana.

Chukueni mawili: moja jepesi, na moja lililoongoza kwenye kigezo cha pili hata kama linawatia wasiwasi. Namba za kijani hazihitaji bajeti, zikate kwenye boksi la glovu. Jaribuni asubuhi mbili, na mtu mmoja aandike muda kila mgonjwa anapotoka maabara na anapoingia kwa daktari. Asubuhi mbili za kabla ya jaribio mziandike vivyo hivyo, ili muwe na cha kulinganisha.