Mliochaguliwa juzi kwenye jumuiya, someni kabla ya Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo, wadogo zangu wa Chumbageni, Mikanjuni na Sahare hapa Tanga mnaoshika uongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo kwa mara ya kwanza. Uchaguzi umeisha, mmepigiwa vigelegele, mmekabidhiwa daftari, na wiki ya pili tu tunaona makosa yaleyale ya miaka yote. Tunawapenda, ndiyo maana hatunyamazi.

1. Pesa ya jumuiya isilale kwenye simu yako.

Hili ndilo linaloumiza, kwa hiyo nitalikalia. Tuseme jumuiya ina kaya 24 na mchango wa msiba ni sh 3,000. Jumamosi baada ya sala kaya 17 zinatoa, jumla 51,000. Wengine wanatoa noti, wengine wanatuma kwa simu, na mhazini, ili kurahisisha, anaweka zote kwenye laini yake ambayo tayari ina 8,500 zake. Simu inasoma 59,500. Hapo hajaiba kitu. Jumatatu umeme unaisha, ananunua luku ya 10,000. Jumatano mtoto anadaiwa 15,000 ya chakula shuleni. Alhamisi nauli na dawa, 4,000. Kila mara anajiambia: zangu zimo humo, mshahara ukitoka nitajazia. Ijumaa usiku mzee wa nyumba ya pili anafariki, mwenyekiti anapiga simu: toa rambirambi, alfajiri tunakwenda. Simu ina 30,500. Pungufu 20,500, na makato ya kutolea hayajahesabiwa.

Anasema wengi hawajatoa. Huo ndio uongo wa kwanza, na unawasingizia majirani waliotoa. Anakopa kwenye simu, mkopo unakata mshahara kabla haujaonekana. Jumamosi inayofuata ana udhuru, na inayofuata vilevile. Mwezi wa pili anasali kigango kingine, kanisa dogo la parokia, asikojulikana. Mwezi wa tatu hasali popote, maana hawezi kupanga foleni ya Komunyo nyuma ya mama aliyempa elfu tatu mkononi. Watu husema amepoa. Hakupoa. Bado anamwamini Mungu, ila kuna elfu ishirini na mia tano zimesimama mlangoni mwa kanisa na hawezi kuzipita. Tumewapoteza wahazini wazuri namna hii, na lawama ni yetu pia tuliowapa daftari bila kuwaonyesha linavyoshikwa.

Basi shikeni hivi. Fungueni akaunti ya kikundi kwenye simu, ile ambayo pesa haitoki mpaka mtu zaidi ya mmoja aidhinishe. Kama bado, nunueni laini ya jumuiya isiyo na shughuli nyingine, namba ya siri kwa mhazini, simu yenyewe kwa katibu. Noti zihesabiwe na watu wawili kabla mtu hajaondoka kwenye mkeka. Andikeni jina, kiasi, tarehe, na kama ni taslimu au simu. Makato yawe na mstari wake, maana hayo ndiyo huleta ugomvi wa mia mbili mia tatu mwisho wa mwaka. Salio lisomwe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hata kama ni sifuri. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na kama limeshakufika, nenda kwa mwenyekiti wiki hii, kwa miguu yako, kabla hajakuuliza. Nenda kwenye kitubio pia, lakini jua kwamba kuondolewa dhambi hakufuti wajibu wa kurudisha. Kwa 5,000 kila wiki, deni hilo linaisha ndani ya wiki 5. Nawe mwenyekiti, Mathayo 18:15 inaanza na watu wawili faraghani. Haianzi kwenye matangazo. Anayedhani daftari si kazi ya kiroho asome Matendo 6: mitume waliteua watu saba kwa sababu wajane walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa chakula.

2. Cheo kimoja kinatosha. Kwaya, Viwawa (chama cha vijana Wakatoliki) na kamati ya ujenzi ukivishika pamoja, vyote vitakuona mtoro.

3. Jumuiya ya saa 12:30 asubuhi iishe saa 1:20. Somo dakika 10, tafakari 15, maombi 10, michango na matangazo 15. Kinachorefusha kila mahali ni matangazo, na wanaoumia ni mama anayewahi kufungua meza yake soko la Mgandini na kijana wa zamu bandarini. Huyo wa zamu msimwandike mtoro. Mkumbusheni kwamba Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wake wa Jumapili, kisha mpeni kazi anayoiweza, kama kumpitia mgonjwa mmoja akitoka zamu.

4. Kitenge cha sherehe cha mwaka jana bado ni sare. Kila mkibadilisha, kuna familia inabaki nyumbani na kusema inaumwa.

5. Tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, iliangukia wiki ileile Ramadhani ilipoanza. Vijana wengi waliulizwa na wenzao kazini mfungo wetu ukoje, wakababaika. Jibu ni fupi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wenye miaka 18 hadi 59 wanakula mlo mmoja kamili, na miwili midogo isiyofikia mlo mmoja kamili ikijumlishwa; kuacha nyama kunaanza miaka 14. Jirani Mwislamu akifiwa, maziko hayangoji, mara nyingi ni siku hiyohiyo. Rambirambi iliyokwama kwenye simu ya mtu haifiki, na ninyi mnabaki kusimulia sababu mbele ya watu waliobeba jeneza lenu mwezi uliopita.

6. Mgonjwa. Nendeni watatu, dakika 20, msimweleze nani alikufa na ugonjwa kama wake. Komunyo ikiletwa, andaeni meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na glasi ya maji, na mwambieni padre mapema kama mgonjwa anameza kwa shida. Saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimhusu mgonjwa wala anayemuuguza, kwa hiyo msimnyime uji. Familia nyingi huogopa kuomba Mpako wa Wagonjwa, wakidhani ndiyo kuagana. Waelezeni kwamba ni kwa mgonjwa yeyote aliyefika hali ya hatari, na akizidiwa unaweza kurudiwa. Mpigieni katekista siku anayoanza kushindwa kula, si usiku anapokata kauli. Padre ana vigango vingine vya kufika, na mgonjwa ambaye bado anaongea anaweza kuungama kwa mdomo wake mwenyewe.